Ushindi Hauna Vigutu

Franeker, 6 Oktoba 1673

Mpwa wangu Machtelt,

Barua zako mbili zimelala mezani pangu, ya kwanza tangu mwanzo wa Septemba, na sijajibu hata moja. Kwa miaka thelathini na minne niliwafundisha watoto wa watu kwamba kutojibu barua ni kumfungia mgeni mlango usoni, kwa hiyo sina pa kujitetea. Naweza kusema nilikuwa na mafua, na kweli nilikuwa nayo, lakini mafua hayakai wiki tano. Nisamehe.

Mimi ni mzima kadiri umri unavyoniruhusu. Goti la kulia huniuma mvua inapokaribia, na hapa kwetu mvua haiko mbali kamwe. Ymkje bado ananipikia na bado ananisuta; jana aliniambia kwamba mtu anayesoma huku akila njegere hastahili kupewa njegere. Mpeasi wa uani umezaa kupita kiasi mwaka huu na hakuna wa kula. Tangu nilipoacha shule ya Kilatini, wanafunzi wangu wa zamani wakinikuta njiani hunivulia kofia, kisha huvuka daraja kwenda upande wa pili wa mfereji. Siwalaumu. Baadhi yao niliwachapa.

Sasa nije kwenye ombi lako. Unataka mistari miwili ya Kilatini ya kuwekwa chini ya picha yako ya vita vya majini vya Agosti. Umeniandikia kwamba Ushindi ni mwanamke mwenye mabawa, amesimama katika gari lenye umbo la kombe la baharini linalokokotwa na farasi wa baharini. Kwamba Simba wa nchi yetu ameketi miguuni pake na mishale saba katika ukucha. Na kwamba Husuda amelala chini ya gurudumu, anautafuna moyo wake mwenyewe. Nimeelewa. Mwaka jana tulishindwa kila upande, nusu ya nchi ikachukuliwa, na picha za ushindi zilitoka vile vile. Angalau safari hii tumeshinda kweli, au ndivyo ilivyotangazwa kanisani. Nitaandika. Lakini nitumie kwanza chapa ya majaribio, kwa kuwa siandiki maneno chini ya kitu ambacho sijakiona.

Jambo la mwisho si langu. Jirani yangu mmoja ana kijana aliyepanda merikebu ya Amsterdam miaka miwili iliyopita, naye alikuwamo katika vita vile. Mpaka leo jirani hajapata habari zake. Nasikia kwamba huko kwenu majina ya waliokufa na walioumia yamebandikwa ukutani. Ukipita karibu, tazama. Jina la kijana hakunitajia.

Msalimie mwanao Aefje. Mwambie peasi zake zinakaushwa.

Mjomba wako,
Tjalling Hessels


Amsterdam, 20 Oktoba 1673

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika leo asubuhi, nami nimeisoma nimesimama mlangoni, wateja wananisukuma. Mzee Barent wa mtambo wa kupiga chapa alikuwa ameanza kuniuliza kila siku, "Mjomba wako amekufa, au amekasirika?" Nikamwambia, mjomba wangu akifa atatuandikia kwanza kutuarifu, tena bila kosa hata moja.

Sisi ni wazima. Aefje amepoteza meno mawili ya mbele na sasa anapiga mluzi hata akisali. Mchungaji amelalamika. Duka la picha linakwenda. Tangu mume wangu afariki, watu wa mtaa wa Kalverstraat walisubiri nifunge, na sasa wamechoka kusubiri, wanakuja kununua. Nimepata pia mtia rangi mpya wa picha. Ni mpole, anakula kama farasi, na anafanya kazi polepole sana. Nimempa bahari tu. Anasema bahari haiwi ya buluu kama wanavyodhani watu wa mjini, na anachanganya kijani chake mwenyewe na kijivu kidogo. Wateja wanaipenda bahari yake.

Picha imekaguliwa na mtu wa baraza la mji. Hapa dukani tunamwita Bwana Kola, kwa sababu kola yake ya nyuzi ni pana hata hawezi kuona anachokula. Alikuja na fimbo yake, akasimama mbele ya picha kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Huyu mwanamke nimewahi kumwona," akasema.

"Ndiye Amani wa picha yetu ya mwaka sitini na saba, mheshimiwa," Barent akamjibu. "Tumemwongezea mabawa. Maisha yamempandisha cheo."

Bwana Kola hakucheka. Akashuka na fimbo mpaka pembe ya chini, kulia. "Na huyu?"

Nikasema, "Baharia."

"Anafanya nini karibu na gurudumu?"

"Anashika bendera, mheshimiwa. Gari la Ushindi halikufika pale peke yake."

Akainama, akaangalia sana, kisha akanyooka. "Hapa kuna jambo lisilofaa. Liondoe, ndipo nitatia sahihi."

Nimeliondoa. Mjomba, kuliondoa jambo katika bamba la shaba si sawa na kulifuta katika karatasi. Unakwangua, unasugua kwa chuma laini mpaka mkono unakufa ganzi, na mahali pale panakuwa na shimo, kwa sababu shaba imepungua. Basi unageuza bamba, unapagonga kwa nyundo kutoka nyuma mpaka pasimame sawa tena. Ndipo unachora kitu kingine juu yake. Mimi nimechora pindo la vazi la Ushindi.

Chapa ya majaribio nimeikunja ndani ya barua hii. Tumbako ya kiko chako nimeiweka katika kifurushi. Ymkje asiione kabla yako.

Kuhusu jirani yako: orodha ni ndefu, na walioiandika walikuwa na haraka. Bila jina sina nitakalotafuta. Mwambie aliandike, jina moja tu. Haligharimu wino mwingi.

Mpwa wako,
Machtelt


Franeker, 9 Novemba 1673

Mpwa wangu,

Marahaba. Tumbako imefika. Ymkje aliiona kabla yangu.

Hapa hakuna jipya. Mfereji umeanza kuganda ukingoni, na bata wamehamia katikati. Nimevipaka mafuta viatu vya kutelezea kwenye barafu vinavyoning'inia nyuma ya mlango, ili vyuma vyake visishike kutu. Mimi mwenyewe sitelezi tena, goti halikubali. Jioni nasoma mpaka mshumaa unapofika kwenye alama niliyoikwarua kwa kisu, kisha nalala. Ymkje anasema nyumba hii imekuwa na sauti ya saa tu. Nimemwambia kwamba saa haina sauti, ina mlio. Akanijibu, "Hiyo ndiyo inayonizungumzisha zaidi ya wewe."

Mistari yako hii hapa. Ya Kilatini nimeiandika katika karatasi ya pili kwa herufi kubwa, ili mchongaji wa maneno asikosee. Maana yake ni hii:

Bahari imemwinamia Simba, na mawimbi yake yamebeba sifa;
gurudumu la Ushindi limepita, wala halikumkanyaga mtu wetu.

Sasa nitaje makosa ya chapa yako. Simba ana kucha sita katika mguu wa mbele, ondoa moja. Nyoka wa Husuda wanatoka sikioni, na wanapaswa kutoka kichwani. Tarumbeta ya Ushindi ni nzuri. Merikebu za nyuma zinapeperusha bendera kuelekea kaskazini na moshi wake unakwenda kusini. Chagua upepo mmoja.

Kosa kubwa liko pembeni chini. Baharia wako ameinua bendera kwa mkono wa kushoto. Umesahau jambo ambalo mwanafunzi wa kazi yenu hufundishwa siku ya kwanza, kwamba shaba ni kioo, na kilicho kulia kwenye bamba hutokea kushoto kwenye karatasi. Mtu anayesherehekea ushindi huinua mkono wa kulia. Sahihisha. Tena, juu ya kifua chake, pale lilipo pindo la vazi, nimeona kivuli, kama mstari wa uchafu unaoshuka kutoka begani. Mwambie Barent alifute bamba vizuri kabla ya kupiga chapa.

Kuhusu sura za watu sina la kusema.

Jirani yangu ameliacha lile jambo. Anasema kwamba kijana aliondoka kwa hiari yake, na aliyeondoka kwa hiari huandika mwenyewe.

Mjomba wako,
Tjalling Hessels


Amsterdam, 28 Novemba 1673

Mjomba, shikamoo tena, na unisamehe ukiona mwandiko wangu unakwenda upande. Barua yako imenikuta na hasira, na hasira haijapoa.

Salamu kwanza. Aefje ameota jino moja. Mvua imetuingilia chumba cha karatasi, lakini tuliwahi. Mtia rangi wangu ameugua homa siku nne, sasa ameamka, ananywa mchuzi na kusema kwamba mchuzi wangu unafanana na maji ya mfereji. Kwa hiyo najua amepona.

Ukucha wa Simba nimeuondoa. Nyoka nimewahamisha. Upepo sasa ni mmoja. Mistari yako imechongwa, na kila mtu anayejua Kilatini anaisifu, akiwamo Bwana Kola, ambaye hajui.

Lakini mkono sitaugusa.

Nimechonga shaba miaka kumi na sita, Mjomba. Najua shaba ni kioo. Ningesahau, basi picha nzima ingegeuka, na Ushindi naye angeshika tarumbeta kwa kushoto. Itazame tena. Ameishika kwa kulia. Kila mtu katika picha ile anatumia mkono wa kulia isipokuwa mmoja. Wewe uliyehesabu kucha za simba, hilo hukuliona?

Kile kivuli nacho si uchafu. Barent aliposikia kwamba umesema bamba lake ni chafu, alikaa chini kabisa. "Miaka arobaini!" akasema. "Miaka arobaini nafuta shaba kwa kiganja changu hiki, na mwalimu wa Franeker ananiambia nioge!" Nimempa bia mbili kwa niaba yako. Kivuli kile ni kitu nilichokikwangua, Mjomba. Nilikisugua, nikakigonga kutoka nyuma, na bado kimebaki, chembamba, katika kila karatasi inayotoka mtamboni. Shaba haisahau yote.

Kabla ya kukikwangua nilipiga chapa moja, na Bwana Kola hajui kwamba ipo. Nilipokuwa nikisugua alisimama nyuma yangu muda wote, akaniambia kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kula, "Bibi, elewa. Watu wataitundika picha hii juu ya meza zao za chakula. Ushindi hauna vigutu."

Chapa hiyo nakutumia leo. Nimeitia katika bomba la bati ili isikunjike. Ifungue ukiwa umeketi. Tazama pembe ya chini, kulia, kisha tazama uso.

Usiniulize kitu kingine, kwa sababu nimeapa kutosema neno mpaka niulizwe kwa jina. Sikuapa kutochora.

Mwambie jirani yako aandike jina.

Mpwa wako,
Machtelt


Franeker, 3 Januari 1674

Mpwa wangu Machtelt,

Bahari ya Zuiderzee iliyo kati yetu imeganda, na mashua ya bandari ya Harlingen haiendi. Bomba lako lilinifikia siku mbili kabla ya Krismasi, limeletwa na mtu wa sleji, gari lisilo na magurudumu, aliyepita juu ya barafu, na barua hii pia anaichukua yeye. Mwaka mpya uwe mwema kwako na kwa Aefje. Mimi na Ymkje ni wazima. Mwombe Barent radhi kwa ajili yangu. Nilimtuhumu bure.

Niliifungua chapa nikiwa nimeketi, kama ulivyoagiza. Niliitazama kwa kioo cha kukuzia. Mkono wa shati wa kulia ni mtupu, umekunjwa na kubanwa kifuani kwa pini. Pini umeichora vizuri.

Ymkje aliingia na vipande vya mboji kavu ya kuwashia moto, akasimama nyuma ya kiti changu. Hakuwa na kioo cha kukuzia wala hakukihitaji.

"Huyo ni Rienk," akasema.

Nikamwambia kwamba ni picha ya mfano, kwamba baharia yule ni mabaharia wote wa nchi.

"Bwana, usinifundishe. Nilimwosha mimi tangu ana siku mbili. Pua hiyo ni ya kwenu nyote, na nyote mmeharibika nayo." Kisha akauona mkono wa shati. Akaweka mboji chini, akaenda jikoni, na siku ile hatukula.

Sasa nitasema lililo kweli. Uso ule niliuona tangu Novemba, katika chapa ya kwanza uliyonitumia. Niliuona kabla ya kucha za Simba. Nikasahihisha mkono ili nisilazimike kuutaja uso, na kila kosa nililoliandika liliniongezea nafasi ya kutoandika jambo lile moja. Sina jirani mwenye kijana. Jirani zangu ni wajane wawili na mfua kufuli.

Hukuwapo siku aliyoondoka, na sijui amekuambia nini. Alikuwa aanze masomo ya dini hapa Franeker Jumatatu. Ijumaa aliweka kalamu mezani na kusema kwamba anakwenda baharini. Nilimfuata mpaka mlangoni, nikasema, "Mkono ulioitupa kalamu usije ukaugonga mlango huu." Niliyasema polepole, kwa sauti ya darasani, ili asikie kila neno. Akatoka. Vile viatu vya barafu alivisahau, au aliviacha.

Mkono wa kulia ndio aliokuwa akiandikia.

Neno likishatoka halirudi. Niliwafundisha wengi hivyo. Ninachoweza kufanya ni kidogo. Tangu siku ile chapa ilipofika, mlango wa mbele hatuufungi mchana wala usiku. Umesimama nusu wazi, theluji inaingia mpaka kwenye saa, na Ymkje, badala ya kulalamika, ameongeza mboji motoni na kuvaa skafu mbili. Mtu akija hana haja ya kugonga kwa mkono wowote.

Mistari yangu: wa kwanza uache. Wa pili uondoe, hata kama shaba itapungua. Nimeandika kwamba gurudumu halikumkanyaga mtu wetu, na huo ni uongo ulioandikwa kwa Kilatini sahihi. Usitie kingine badala yake. Paache patupu.

Kifurushi kilichofungwa na barua hii ni viatu vyake. Jana nilivipeleka kwa fundi viatu wa lango la magharibi, nikamwomba aondoe kamba, aweke mkanda na kifungo cha chuma kinachofungwa kwa mkono mmoja. Akaniuliza, "Nani asiyeweza kufunga kamba, Bwana Mwalimu?" Nikasema, "Mwanangu." Akaviangalia tena viatu. Yeye ndiye aliyemshonea viatu tangu utotoni. "Yupo?" akauliza. Nikasema, "Nadhani yupo." Akaifanya kazi nikiwa nimesimama pale, akakijaribu kifungo mara kumi kwa mkono wake wa kushoto, wa kulia ameuweka mgongoni, mpaka kikakubali.

Umeniambia niandike jina. Naliandika. Rienk Tjallings, wa Franeker, miaka ishirini na mbili. Nauliza habari zake kwa jina lake. Mimi ni baba yake.

Tjalling Hessels


Amsterdam, 22 Januari 1674

Mjomba wangu, shikamoo.

Umeuliza kwa jina, basi kiapo kimekwisha.

Yupo. Yuko chumba cha nyuma cha duka hili tangu Septemba. Alikuja kwa miguu kutoka hospitali ya mabaharia akiwa na barua iliyoandikwa na mtu mwingine, kwa sababu alikuwa hajajua kuandika kwa mkono wa kushoto. Sasa anaandika, vibaya. Amekatwa juu ya kiwiko. Kidonda kimepona, ila homa humrudia. Mtia rangi wangu ndiye yeye, na bahari ni yake. Nisamehe kwa mafumbo yote yale, kwa maana alinishika mkono na kusema, "Asiponitaja, usinitaje."

Habari nyingine kwa ufupi. Aefje ana meno yote. Mstari wa pili nimeukwangua, na picha inauzwa ikiwa na mstari mmoja na nafasi tupu chini yake. Bwana Kola alikuja juzi, shingo imevimba ndani ya kola.

"Mstari wa pili uko wapi?"

"Mwandishi ameuondoa, mheshimiwa. Ulikuwa na kosa."

"Kosa la Kilatini?"

"Hapana."

Akasubiri niendelee. Nikarudi kwenye bamba langu. Picha ya ushindi ujao ameipeleka kwa mtu mwingine, mtaa wa pili. Barent anasema atamwombea mtu huyo apate ushindi wa kuchora. Sisi tutachonga ramani na ndege. Usiwe na wasiwasi juu yetu.

Sasa nikueleze alivyoipokea barua yako, kwa sababu najua ndilo unalolisubiri. Nilitaka kumsomea. Akasema atasoma mwenyewe. Alisoma kurasa zote, akarudi mahali ulipoliandika jina lake, akakaa hapo muda mrefu kuliko jina linavyohitaji. Kisha akaikunja kwa mkono na meno, akaitia kifuani, akashika brashi. Alitia rangi bahari ya picha sita bila kuinua kichwa, mpaka Barent akamwambia, "Kijana, punguza maji, utatuzamisha."

Viatu aliviacha mezani siku mbili. Siku ya tatu nilimwona amevishika. Akajaribu kifungo cha kushoto, kikafunga. Cha kulia, kikafunga. Akavifungua tena vyote viwili, akaanza upya. Jumapili baada ya ibada alitoka na Aefje kwenye mfereji. Alianguka mara moja, upande ule usio na mkono, na watu wakakimbia kumwinua. Akawakataza. Aliinuka peke yake, akaenda mpaka daraja la tatu na kurudi, mwendo wa kwenu Friesland kabisa, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Aefje alimwambia kwamba ule wa pili ni bora usiwepo, ungemsumbua tu. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aje.

Nikamuuliza, "Utakwenda?"

Akasema, "Baba aliuapiza mkono mmoja, na ule umebaki baharini. Huu hakuutaja." Nikadhani anafanya mzaha, lakini uso wake haukuwa wa mzaha. Halafu akasema, "Njia naijua. Sijui nikifika nitasimama vipi. Zamani nikisimama mbele yake, mikono ilikuwa lazima ionekane yote miwili." Hilo nakuletea wewe, Mjomba. Pengine jibu unalo.

Wenye sleji wanasema barafu ya Zuiderzee itabeba mtu kwa wiki tatu zaidi, na baada ya hapo hakuna njia mpaka mashua zianze Machi. Analijua hilo. Kila asubuhi hutoka nje, huigonga barafu ya mfereji kwa kisigino, husikiliza, kisha hurudi kwenye rangi zake. Simharakishi, nawe usimharakishe.

Ila usiku funga mlango, nakuomba, isije baridi ikakumaliza kabla hajafika. Akiamua, kwenda au kubaki, nitakuandikia siku hiyo hiyo. Akiamua kwenda, huenda akaitangulia barua.

Mpwa wako,
Machtelt